Kontena la Kazi za Mkupuo: Namna ya Kulielewa na Kulifundisha Darasani

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hukusanya madaftari sitini ya hesabu jioni, akayapeleka nyumbani, akayasahihisha yote na kuyarudisha asubuhi. Wakati anasahihisha, hakuna mwanafunzi aliyeketi mbele yake akingoja jibu. Kazi hiyo ina mwanzo na ina mwisho; jambo linalotakiwa ni kwamba itakapofika asubuhi iwe imekamilika, na tena iwe sahihi. Katika elimu ya kompyuta kazi ya namna hiyo huitwa kazi ya mkupuo. Ni tofauti na kazi ya huduma, mathalani ile ya kupokea na kutuma fedha kwa simu, ambayo haina budi kuwa macho usiku na mchana ikimngoja mteja.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo wa ualimu mambo matatu. Kwanza, kontena la kompyuta ni kitu gani. Pili, ni mambo yapi hupangwa kabla ya kontena kupelekwa kufanya kazi ya mkupuo katika klasta ya kompyuta za wingu. Tatu, ni njia gani mwalimu aweza kuitumia kuyafundisha mambo hayo katika darasa lisilo na kompyuta hata moja.

Huenda mwanachuo akauliza: mimi natarajia kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu; mambo haya yanihusu nini? Jibu ni kwamba alama za wanafunzi, orodha za mishahara na takwimu za mahudhurio siku hizi aghalabu hupitia katika kazi za mkupuo. Mwalimu asiyeelewa jinsi kazi hizo zinavyopangwa huipokea karatasi itokayo katika kompyuta kama neno lisilopingwa. Mwalimu anayeelewa hujua mahali pa kutilia shaka. Tutaona hapo mbele jinsi kutokuelewa huko kulivyokaribia kuwadhuru watu.

Kazi ya mkupuo: kutoka kadi hadi wingu

Kazi ya mkupuo si jambo geni. Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 1890, mashine za Herman Hollerith zilitumia kadi zilizotobolewa matundu, na kila kadi ilibeba habari za mtu mmoja. Kompyuta zilipokuja, watumishi walikusanya mafungu ya kadi na kuyaingiza katika mashine fungu baada ya fungu. Mwaka 1956 kampuni za General Motors na North American Aviation zilitengeneza kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704 programu iliyoiwezesha mashine kumaliza kazi moja na kushika nyingine bila kumngoja mtumishi. Huo ni miongoni mwa mianzo ya mifumo ya uendeshaji tunayoitumia leo.

Siku hizi kadi zimetoweka, na mashine moja haitoshi. Kompyuta nyingi huunganishwa zifanye kazi kama kundi moja, na kundi hilo huitwa klasta. Klasta hizo aghalabu huwa katika majengo makubwa ya kampuni zinazozikodisha, na mtumiaji huzifikia kwa njia ya intaneti. Huduma hiyo ndiyo iitwayo kompyuta za wingu. Jina lisimdanganye mwanafunzi: hakuna kompyuta inayoelea angani. Kuna majengo, nyaya, umeme na feni za kupoza joto, na mtu hulipia muda na nguvu anayotumia.

Ili klasta isiwe vurugu, lazima awepo msimamizi. Msimamizi anayetumika sana ni programu iitwayo Kubernetes, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014, na toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2015. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Maelezo yatakayofuata yanafuata utaratibu wa programu hiyo.

Kontena na taswira yake

Kontena lenyewe tunalijua bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, nchini Marekani, ikiwa imebeba makontena 58. Kabla ya hapo shehena zilipakiwa gunia kwa gunia na pipa kwa pipa. Faida ya kontena ni kwamba mwendesha winchi wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kujua ndani mna mitumba au mna vipuri. Vipimo vya nje ni vile vile, na pembe za kushikia ni zile zile.

Kontena la kompyuta limeazima jina na faida hiyo. Ndani yake mna programu pamoja na vitu vyote ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi. Mashine inayolipokea haihitaji kujua kilichomo. Inajua tu namna ya kulianzisha na namna ya kulisimamisha. Njia hii ilienea sana baada ya programu iitwayo Docker kutolewa kwa umma mwaka 2013, ingawa misingi yake ilikuwapo kabla. Kwa mfano, uwezo wa kulipimia kila kundi la programu kiasi chake cha nguvu za mashine uliingizwa katika kiini cha Linux kilichotoka Januari 2008.

Hapa pana maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya, nayo ni taswira na kontena. Ndugu mwanachuo atayatenganisha kwa urahisi akikumbuka andalio la somo. Andalio huandikwa mara moja, kisha mwalimu hulitumia katika mkondo A, mkondo B na mkondo C. Andalio ni moja, lakini masomo yaliyofundishwa ni matatu, na kila moja lina mwanzo wake na mwisho wake. Taswira ni kama andalio: imeandikwa, imehifadhiwa, wala haibadiliki kwa kutumiwa. Kontena ni kama somo lenyewe linapoendelea. Kutokana na taswira moja yaweza kuanzishwa makontena mia.

Mambo yanayopangwa

Mtu anayetaka kazi yake ifanywe na klasta huandika faili la maelezo. Faili hilo ni kama barua ya maagizo: lataja kinachotakiwa, na msimamizi wa klasta hutafuta njia ya kukitimiza. Mambo makuu yanayoandikwa ndani yake ni haya yafuatayo.

(a) Taswira na amri. Faili hutaja taswira itakayotumika na amri itakayoanzisha programu. Toleo la taswira litajwe waziwazi. Anayeandika tu kwamba itumike iliyo mpya kabisa ataona siku moja kazi iliyokuwa ikienda vizuri imebadilika, wala hajui ni nani aliyeibadili. Aidha, nywila na siri nyingine zisifungwe ndani ya taswira, kwa sababu kila apatae taswira atazipata na siri. Klasta ina mahali pake pa kuzitunza.

(b) Ombi. Ombi ni kiasi cha nguvu ambacho kontena linataka litengewe, yaani sehemu ya prosesa na sehemu ya memori. Msimamizi hulisoma ombi, akatafuta mashine yenye nafasi ya kutosha ambayo haijaahidiwa wengine. Ikiwa hakuna hata mashine moja yenye nafasi hiyo, kontena hungoja. Nafasi ya mashine mbili haiwezi kujumlishwa kwa ajili ya kontena moja, kama vile mtoto mmoja asivyoweza kuketi juu ya nusu za viti viwili vilivyo katika vyumba mbalimbali.

(c) Kikomo. Kikomo ni kiasi ambacho kontena haliruhusiwi kukipita. Hapa prosesa na memori hazifanani. Kontena likitaka prosesa kupita kikomo, hupunguziwa mwendo tu: kazi huchelewa lakini haifi. Likitwaa memori kupita kikomo, programu huuawa papo hapo. Alama inayoonekana mara nyingi baada ya kifo hicho ni namba 137, nayo ni 128 kujumlisha 9, yaani namba ya ishara ya kuua katika mfumo wa Linux. Programu iliyomaliza salama huacha namba 0.

Vipimo vyenyewe vyataka uangalifu wa herufi. Prosesa moja hugawanywa katika sehemu 1,000, kwa hiyo 500m ni nusu ya prosesa. Katika memori, M kubwa ni baiti 1,000,000, na Mi ni baiti 1,048,576. Mtu akiandika 400m, kwa m ndogo, akidhani ameomba memori ya kutosha, kwa kweli ameomba sehemu 400 za elfu za baiti moja, kiasi ambacho hakitoshi hata herufi moja. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba herufi kubwa na herufi ndogo si mapambo amepata hapa mfano wa kuwaonyesha.

(d) Idadi ya kazi na idadi ya wanaofanya pamoja. Kazi kubwa yaweza kugawanywa mafungu. Faili hutaja mafungu mangapi yakamilike, na mangapi yaende kwa wakati mmoja. Mafungu yaweza kupewa namba ili kila kontena lijue sehemu yake, na kuhesabu huanzia 0. Mafungu 12 hupewa namba 0 hadi 11.

(e) Marudio na muda wa mwisho. Programu ikishindwa, klasta huijaribu tena. Faili husema ijaribiwe mara ngapi. Lisiposema, kwa kawaida kikomo ni marudio 6. Kati ya jaribio na jaribio klasta hungoja sekunde 10, kisha 20, kisha 40, ikiongeza maradufu, hadi kufikia kikomo cha dakika chache. Faili laweza pia kutaja muda wa mwisho kwa kazi nzima. Muda huo ukiisha, kazi husimamishwa hata kama marudio yamebaki. Bila muda huo, kazi iliyokwama yaweza kukaa siku nyingi, na kodi ya mashine ikiendelea kulipwa.

(f) Mahali pa kuweka matokeo. Kontena likiondolewa, vyote vilivyoandikwa ndani yake huondoka nalo. Ni kama ubao unaofutwa mwisho wa kipindi. Matokeo yanayotakiwa kubaki lazima yaandikwe nje ya kontena, katika hifadhi ambayo faili la maelezo limeitaja.

Kosa lililonifundisha

Nieleze sasa jambo lililotokea katika chuo kimoja nilichopata kukifanyia kazi. Wanachuo wetu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja alikaguliwa masomo matano, na kila somo lilikuwa na alama 20. Baada ya somo la nne, ambaye jumla yake haikufika 40 kati ya 80 aliwekwa katika orodha ya kusaidiwa na mkufunzi kabla ya ukaguzi wa mwisho. Karatasi za wakaguzi zilipigwa picha, na programu iliyokuwa katika kontena ilizisoma usiku na kuongeza alama za somo jipya juu ya jumla iliyokuwamo katika daftari la kompyuta.

Usiku wa somo la nne, mashine iliyokuwa ikiendesha kontena letu ilizimika katikati ya kazi. Klasta ilifanya kama ilivyoagizwa: ilianzisha kontena jingine katika mashine nyingine. Asubuhi taarifa ilisema kazi imekamilika. Nami niliridhika, nikabandika majina ubaoni.

Siku ya pili mwanachuo mmoja alinijia ofisini na daftari lake.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Una shida gani?”

“Mwalimu, alama zile za ubaoni si zangu. Mimi nina 11, 12, 10 na 9. Hiyo ni 42. Ubaoni pameandikwa 51.”

Nilihesabu mwenyewe, nikaona kweli ni 42. Alama 9 za somo la nne zilikuwa zimeongezwa mara mbili. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kontena la pili lilianza tangu mwanzo wa orodha. Wote ambao majina yao yalitangulia mahali kontena la kwanza lilipokatikia waliongezewa mara mbili, na waliofuata waliongezewa mara moja. Wala hapakuwa na alama iliyopita 80, basi jicho halikuona ajabu yoyote.

Kama binti yule angenyamaza, hasara isingekuwa yake. Kulikuwa na mwenziwe aliyepata 8, 9, 9 na 10, yaani 36. Ubaoni alikuwa na 46, kwa hiyo jina lake halikuwamo katika orodha ya kusaidiwa. Angekwenda katika ukaguzi wa mwisho, na pengine baadaye katika darasa lake mwenyewe, bila kuonyeshwa upungufu wake. Watakaodhurika kwa kosa kama hilo ni watoto ambao hawakuwa na habari ya klasta wala ya kontena. Tuliokolewa na mambo mawili: uaminifu wa mwanachuo, na karatasi za wakaguzi ambazo zilikuwa hazijatupwa. Tulihesabu upya kwa mkono majina yote.

Kuzimika kwa mashine ni jambo la kawaida katika klasta, na kurudia kazi ndiyo nguvu yake, kwa hiyo kosa halikuwa katika mambo hayo. Zaidi ya hayo, maelezo ya Kubernetes yenyewe yanaonya kwamba hata kazi iliyoagizwa ifanyike mara moja tu yaweza kuanzishwa mara mbili. Kosa letu lilikuwa katika neno ongeza. Programu iliyoambiwa “ongeza 9” itafanya uharibifu kila irudiwapo. Programu iliyoambiwa “jumlisha karatasi zote za mtu huyu, kisha uandike jumla mahali pa ile ya zamani” yaweza kurudiwa mara mia na jibu likabaki 42. Kanuni ni hii: kazi ya mkupuo iandikwe kwa namna ambayo kurudiwa kwake hakuleti madhara. Taarifa ya “imekamilika” husema tu kwamba programu ilifika mwisho. Kwamba matokeo ni sahihi, hilo lazima lipimwe kwa njia nyingine.

Kulifundisha somo hili bila kompyuta

Somo hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vipindi viwili mfululizo. Zana zinazotakiwa ni meza tatu, viti sita, bahasha 12, karatasi ndogo 60, chaki na saa.

Maandalizi. Weka viti viwili kwa kila meza, na uchore kwa chaki miraba sita juu yake. Meza ni mashine, viti ni prosesa, na miraba ni memori. Bahasha ni makontena; zipe namba 0 hadi 11. Katika kila bahasha tia karatasi tano zenye mahudhurio ya darasa fulani tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Juu ya bahasha andika: “Ombi: kiti 1, miraba 2. Kikomo: miraba 3. Kazi: tafuta jumla ya mahudhurio.” Chagua mwanafunzi mmoja awe mpangaji, mwingine awe mwandishi ubaoni, na mmoja kwa kila meza awe mwangalizi.

Hatua ya kwanza: kupanga. Mpangaji asome ombi lililo juu ya bahasha, asifungue ndani, kisha aipeleke meza yenye nafasi. Halafu mpe bahasha uliyoiandaa kwa siri, yenye maneno “Ombi: viti 3.” Wanafunzi watasema viti vipo sita. Waache wabishane. Watafikia wenyewe kwamba hakuna meza moja yenye viti vitatu, na bahasha hiyo itangoja hata viti vyote vikiwa vitupu.

Hatua ya pili: kikomo. Mwanafunzi anayepokea bahasha aruhusiwe kutandaza karatasi juu ya miraba, karatasi moja kwa mraba. Atakayetandaza zote tano kwa pamoja amepita kikomo. Mwangalizi amwondoe mara moja na kumpa kadi yenye namba 137. Atakayetandaza mbili, akazijumlisha, akazirudisha na kutoa nyingine mbili, atamaliza salama. Waulize: je, dawa ilikuwa kuongeza miraba, au kubadili namna ya kufanya kazi? Mara nyingi mtu akiona kontena limeuawa huongeza kikomo bila kufikiri, ilhali programu ingeweza kusoma kidogo kidogo.

Hatua ya tatu: kufanya pamoja. Tuchukulie kila bahasha inachukua dakika 2. Bahasha 12 zikienda tatu tatu, ni mizunguko minne, yaani dakika 8. Zikienda sita sita, ni dakika 4. Kisha uliza: zikienda nne nne ni dakika ngapi, na tano tano ni dakika ngapi? Jibu ni dakika 6 kwa zote mbili, maana tano tano huacha mbili za mwisho, nazo zahitaji mzunguko wa tatu. Wanafunzi wajaribu kwa saa, wasiambiwe tu.

Hatua ya nne: kuzimika kwa mashine. Hii ndiyo roho ya somo. Tumia bahasha yenye karatasi za 38, 41, 40, 39 na 42. Mwagize mwanafunzi atume kwa mwandishi kila anachokipata, na mwandishi aongeze juu ya jumla iliyo ubaoni. Akishatuma 38 na 41, yaani 79, gonga meza na kusema, “Umeme umekatika.” Bahasha irudi kwa mpangaji ikiwa na karatasi zake zote, na mwanafunzi mwingine aanze upya. Mwishoni ubao utasema 279. Waulize wanafunzi wajumlishe wenyewe, watapata 200. Usiwaeleze mara moja. Ngoja mmoja aseme zile 79 zimeingia mara mbili.

Kisha rudia kwa njia ya pili. Mwandishi achore safu 12, namba 0 hadi 11. Kila mwanafunzi atume jumla kamili tu, na mwandishi aifute iliyomo katika safu hiyo na kuandika iliyoletwa. Kata umeme tena, hata mara tatu. Safu itabaki na 200.

Tahadhari kwa mwalimu

Mwanachuo akumbuke kwamba mfano ni ngazi ya kupandia, nayo ina mipaka yake. Kontena halina akili ya mtoto. Haliwezi kutambua kwamba limepewa kazi ambayo mwenziwe alikwisha ianza, isipokuwa limeandikiwa kufanya hivyo. Wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi, wasije wakadhani kompyuta itaona aibu ya kuhesabu mara mbili.

Aidha, mwanafunzi aliyeondolewa mezani kwa kupita kikomo asichekwe. Arudishwe ajaribu tena baada ya sekunde 10, na akishindwa tena angoje sekunde 20. Kwa njia hiyo darasa litajifunza utaratibu wa marudio, na mtoto hatafedheheka.

Hitimisho

Tumeona kwamba kontena ni mzigo uliofungwa vizuri, kwamba ombi humsaidia mpangaji kupata nafasi, kwamba kikomo hulinda majirani, na kwamba marudio huokoa kazi iliyokatika. Lakini zaidi ya yote tumeona kwamba mpango mzuri wa mashine hauondoi wajibu wa mtu wa kuyapima matokeo. Mwalimu atunze karatasi za awali. Alinganishe jumla chache kwa mkono kila zinapotoka. Na mwanafunzi anayekuja kusema kwamba alama alizopewa si zake, hata kama zimezidi, asikilizwe kwanza kabla ya kuambiwa kwamba kompyuta haikosei.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya taswira na kontena kwa mfano wako mwenyewe usiokuwa wa andalio la somo.

2. Kontena limeomba 1500m za prosesa. Klasta ina mashine nne, na kila moja ina prosesa moja isiyotumika. Je, kontena litaanza? Toa sababu.

3. Kazi ina mafungu 20, na kila moja huchukua dakika 3. Tafuta muda utakaotumika zikienda nne nne, na zikienda sita sita.

4. Katika shughuli hizi, ipi yaweza kurudiwa bila madhara, na ipi haiwezi: kutia alama ya “yupo” mbele ya jina la mwanafunzi, kuongeza moja katika idadi ya waliohudhuria, kumtumia mzazi ujumbe wa kudai ada, kuandika tarehe ya leo ubaoni baada ya kufuta ya jana? Eleza.

5. Tayarisha andalio la kipindi kimoja la hatua ya nne kwa darasa la wanafunzi 60, ukionyesha kazi ya kila mwanafunzi ambaye hakuketi mezani.